Mdudu wa Nane

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kazi yangu nyumbani kwetu Ujiji ilikuwa kuhesabu wadudu. Sisemi siafu wala kunguni. Nasema wadudu wa meno, wale ambao mtaa mzima ulijua kwamba ndio wanaotoboa jino na kufanya makazi ndani yake, na mwenye jino akilia, basi wao wako mezani. Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyekuwa akiwatoa. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, ndipo nami nikapata cheo.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mgonjwa alikaa kwenye kigoda, beseni la bati lenye maji likawekwa mbele ya magoti yake, na katikati ya maji kikasimamishwa kigae chenye makaa. Bibi alinyunyiza mbegu kavu za ndulele juu ya makaa, akamfunika mgonjwa kwa kanga mbili, kichwa na beseni pamoja. "Achama," alimwambia. "Mate usimeze, yaache yadondoke." Moshi ulipanda mdomoni, mtu akakohoa mpaka mbavu zikamwuma. Kanga zilipofunuliwa, juu ya maji palikuwa na vitu vyeupe vikielea, vyembamba, vimejikunja kama ukucha wa mtoto mchanga.

"Mwasiti! Njoo uhesabu."

Nilihesabu kwa kijiti cha ufagio, na haikuwa hesabu ya mchezo. Wadudu hao, kwa mafundisho ya Bibi, hutoka wawili wawili, kisha mama yao hutoka peke yake. Idadi ikiwa witiri, watano au saba, mgonjwa aende zake akalale. Idadi ikiwa shufwa, wanne au sita, mama kabaki ndani, na aliyebaki ndani ana hasira ya wanawe. Hapo mgonjwa hufunikwa tena, makaa mapya, mbegu mpya, hata kama midomo imeshaungua.

Leo nasoma chuo kikuu Dar es Salaam na watu wananijua kwa mdomo. Nimewahi kusimama kwenye mdahalo na kuwasaga wenzangu waliothubutu kutetea mambo ya kale, mpaka ukumbi ukapiga meza na mwenyekiti akaniomba nipunguze ukali. Sikuwaambia kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuwa karani wa wadudu.

Dada yangu Hidaya alikuwa na miaka kumi na minane. Mwaka ule kila kijiji kipya cha ujamaa kilikuwa kikijenga shule na kudai mwalimu, na Dada akachaguliwa kwenda chuo cha ualimu Tabora. Barua ilipofika, baba yangu, fundi cherehani, aliishonea mfuko wa kitambaa isichafuke. Jioni Dada alitupanga watoto wa mtaa barazani, akaandika ukutani kwa kipande cha muhogo mkavu badala ya chaki, akatufundisha kujumlisha. Alikuwa na sauti inayofika mpaka nyumba ya nne. Wapita njia walimtania: "Mwalimu, hata Tabora hujafika umeshatufokea?" Naye aliwajibu: "Nyoosheni mikono kwanza ndipo mseme!" Mtaa ukaanza kumwita Mwalimu kabla hajawa.

Wiki sita kabla ya safari, gego lake la chini upande wa kushoto likaanza kuuma.

Tulifanya yote yaliyofanywa na watu. Alisukutua maji ya chumvi ya moto, akabana karafuu kwenye tundu, akalala ameketi, shavu kalifunga kwa kanga. Bibi alimfukiza mara mbili, nami nikahesabu: watano mara ya kwanza, watatu ya pili. Maumivu yalitulia siku chache, yakarudi na nduguze. Dada akaacha kufundisha barazani. Akawa mtu wa kushika ukuta.

Baba ndiye aliyesema, "Mama, safari hii aende Kigoma." Balozi wa nyumba kumi alikuwa amepita kutangaza kwamba daktari wa meno mgeni ameshuka na treni, atakaa wiki tatu tu. Bibi hakubisha. Aliuliza tu kama huyo mgeni anajua kuhesabu.

Nilikwenda nao, kwa sababu Dada alisema hataki kushikwa mkono na mwanamume hata akiwa baba yake. Mashine ya daktari ilikanyagwa kwa mguu, na Baba alipoiona alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Kumbe naye fundi cherehani," alininong'oneza. Daktari hakujua Kiswahili. Muuguzi alikuwa akitafsiri huku akiangalia foleni iliyofika mpaka nje ya uzio. Tulielezwa kwamba jino halitang'olewa, msichana bado mdogo, litaokolewa. Litasafishwa mizizi, litazibwa kwa muda, kisha atarudi limaliziwe.

Ganzi ikapigwa. Mimi nilisimama karibu na bega la Dada, nimekodoa macho yangu ya ukarani. Niliona vijiwaya vyembamba vyenye makali vikiingia na kutoka, niliona kiuzi chekundu kikitolewa, niliona pamba yenye dawa. Nilisubiri. Hakutoka mdudu hata mmoja. Kisha daktari akachukua uji mzito mweupe unaonukia karafuu, akaliziba tundu, akalipapasa kwa kidole kama mtu anayesawazisha plasta.

Halafu akasema maneno mengi. Nayakumbuka kwa umbo lake tu. Alimtazama Dada usoni, akagusa taya, akafumba macho kama mtu anayeumwa, akainua vidole vitatu, akatikisa kichwa kwa nguvu, akaonyesha vidonge, akaigiza mtu anayechokonoa jino, akatikisa kichwa tena. Muuguzi akatafsiri: "Usitafune upande huo. Rudi baada ya wiki mbili. Anayefuata!"

Ndiyo. Hayo tu.

Siku ile tulirudi tukicheka, Dada mdomo umemlegea kwa ganzi, mate yakimtoka, Baba akimwambia akifika Tabora asiwaelezee wenzake habari ya ute huo. Kesho yake asubuhi jino likaamka. Dada alisema halijawahi kuuma namna ile, kwamba linapiga kama ngoma na ukilitia hata ulimi unaona giza.

Bibi aliniita uani. "Walitoka wangapi?"

"Hakutoka hata mmoja, Bibi."

"Ulitazama vizuri?"

"Nilitazama mpaka mwisho."

"Na tundu?"

"Ameliziba. Kwa plasta."

Bibi alipiga mapaja yake kwa viganja vyote viwili. "Kawafungia ndani! Mama yao na watoto, kawapigia plasta, kisha kapokea na shukrani! Sasa watapita wapi? Watatoboa kwenda juu, kwenye sikio, kwenye jicho. Hidaya, mwanangu, huyo mtu kakuzika wadudu kichwani."

Naomba msimcheke. Mwanamke huyu alitumia akili yake yote juu ya yale aliyokuwa nayo, na aliyokuwa nayo ni maneno tisa ya muuguzi na ushahidi wa mtoto. Jino lilikuwa linauma kuliko kabla halijatibiwa, na hakuna aliyekuwa ametwambia kwamba linaweza kuuma baada ya kutibiwa. Kama si mdudu aliyefungiwa, ni nini? Nijibuni ninyi mliosoma.

Dada alibisha siku nzima. "Bibi, daktari kasema wiki mbili." Siku ya pili aliacha kubisha. Siku ya tatu, adhuhuri, Baba akiwa kazini kwake, aliniita ndani. Alikuwa amekaa sakafuni, kichwa amekiegemeza kwenye sanduku lake la safari. Mkononi alikuwa na sindano ya kudarizi, ile aliyokuwa akishonea vitambaa vya kwenda navyo Tabora.

"Mwasiti, wewe mkono wako mdogo. Nifungulie."

"Dada, naogopa."

"Mimi ninayeumwa siogopi, wewe unaogopa nini? Fungua, mdogo wangu. Fungua tu mlango watoke."

Niliuondoa ule uji uliokauka, chembe kwa chembe, mpaka sindano ikazama. Ilitoka harufu ambayo sijaisahau, na tone la kitu cha njano, na Dada akashusha pumzi ndefu, mabega yakamshuka. "Mh," alisema. "Mh, Mwasiti." Akalala palepale sakafuni, akalala mchana wote mpaka alfajiri, na nyumba nzima ilitembea kwa vidole isimwamshe. Bibi alinipa kipande cha sukari guru. Nilijiona daktari.

Asubuhi Bibi akasema sasa mlango uko wazi, wafukuzwe wote. Dada alifunikwa kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alipofunuliwa, midomo ilikuwa imetoka malengelenge na macho hayakutaka kufunguka. Nikainama na kijiti changu. Nikahesabu. Nikarudia. Walikuwa wanane.

"Wangapi?" Bibi aliuliza. Alikuwa ameshashika koleo la makaa.

Nilimtazama Dada midomo ile.

"Saba," nilisema. Nikamwaga maji.

Dada hakurudi kwa daktari. Kwa nini arudi? Jino lilikuwa kimya, wadudu wametoka, na nauli ya Tabora ilikuwa inatafutwa. Jino likabaki wazi, ugali ukiingia na kutoka. Daktari akapanda treni yake. Siku tano kabla ya safari, taya lilivimba. Halikuvimba kama shavu la mtu anayeumwa jino. Lilivimba kwenda chini, shingoni, likawa gumu kama ubao, na homa ikampanda mpaka akawa anatufundisha kujumlisha akiwa hana fahamu. Baba alimfunga mgongoni kwake kwa shuka, juu ya baiskeli, akakanyaga mpaka hospitali.

Alikaa huko miezi mitatu. Walitoa gego, wakatoa na kipande cha mfupa. Aliporudi, kidonda kilikuwa kimefunga na mdomo umefunga pamoja nacho. Haukufunguka zaidi ya upana wa kidole kimoja. Haujafunguka mpaka leo. Tabora waliandika kwamba wanasikitika, lakini mwalimu ni sauti. Baba aliitia barua hiyo kwenye mfuko uleule alioishonea ile ya kwanza.

Na mimi nilijua sababu. Mtoto wa miaka tisa, nililala nayo na kuamka nayo: mama wa wadudu alibaki ndani, akapanda na hasira zake, na aliyemficha ni mimi. Bibi alinipa nafasi kabla hajafa. Alinishika mkono akaniuliza, "Mwasiti, siku ile walikuwa saba kweli?" Nikasema, "Saba, Bibi." Alikufa akiamini kazi yake ilikuwa sahihi na Mungu tu ndiye aliyeamua vingine. Sijui kama hiyo ilikuwa huruma yangu au woga.

Mwaka jana, hapa chuoni, gego langu likaanza. La chini, kushoto. Nilivumilia wiki mbili kwa karafuu na aibu, nikitetea hoja jukwaani huku upande mmoja wa kichwa unawaka, kisha nikaenda. Daktari alikuwa mama wa makamo, mnyamavu. Alisafisha mizizi, akaziba, akavua glovu zake, akaniambia polepole: "Sasa nisikilize. Ganzi ikiisha litauma. Kesho na kesho kutwa linaweza kuuma kuliko lilivyokuja. Si kwamba tumekosea, ni nyama ya chini iliyosumbuliwa. Meza vidonge kwa saa, usingoje mpaka maumivu yakulaze. Lala kichwa kikiwa juu. Tafuna upande wa pili. Hiki kizibo usikiguse. Ukivimba au ukipata homa, rudi siku hiyohiyo. La sivyo, siku tatu litatulia." Akainua vidole vitatu.

Nililia pale kitini kwa sauti. Akadhani ganzi imeisha.

Siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Ya pili niliuma mto. Ya tatu, adhuhuri, nilielewa jinsi mtu anavyoweza kumpa mtoto sindano. Nilimeza vidonge, nikakaa nimeegemea ukuta wa bweni. Siku ya nne niliamka nikiutembeza ulimi, nikalikuta jino limekaa kimya kama meno mengine. Limekaa tu, bila moshi wala mkono wa mtu.

Nyuma ya bweni letu kuna ndulele zimejiotea. Nilichuma, nikakausha mbegu, nikaazima beseni. Niliweka kigae cha makaa katikati ya maji, nikanyunyiza, nikafunika kwa kanga. Hapakuwa na mgonjwa wala mdomo wa kiumbe yeyote. Nilipofunua, walikuwa wanaelea, weupe, wamejikunja. Mbegu ikipata moto hupasuka na kutema kiini chake. Nikahesabu kwa mazoea. Tisa.

Nilipanda treni kwenda likizo nikiwa na mbegu kwenye leso na hotuba kichwani. Siku mbili za safari niliipanga hotuba ile: utangulizi, hoja, ushahidi wa macho. Nilifika nikamkuta Dada uani, na mbele yake beseni la bati la Bibi. Tangu Bibi afariki, baada ya likizo yangu iliyopita, yeye ndiye anayefukiza. Walikuwa wameniandikia kila kitu isipokuwa hicho.

Alikuwa na mgonjwa, mama mmoja mchuuzi wa samaki aina ya migebuka kutoka Katonga, shavu moja limejaa.

"Mwakeye, Mwalimu," mama huyo alikuwa akimsalimu Dada kwa Kiha. Bado wanamwita hivyo. Dada aliitikia kwa meno yaliyofungana. Ukimzoea unamsikia vizuri.

Sikungoja hata kushusha mzigo. "Shikamoo, Mama. Jino hilo halitaki moshi. Linataka daktari."

"Marahaba. Daktari yupi, mwanangu?"

"Wa hospitali."

"Huko ndiko nitokako. Ganzi hakuna. Wanasema ningoje, inakuja na treni." Akanitazama mizigo yangu. "Wewe si umekuja nayo hiyo treni? Uliiona? Ilikaa behewa gani?"

Majirani waliokuwa uani walicheka, na yeye mwenyewe akacheka, akashika shavu. Mimi niliyewahi kuwashinda wanaume watano kwa jioni moja, nilisimama pale na leso yangu.

Dada akamfunika. Moshi ukapanda. Alipomfunua, midomo ya yule mama ilikuwa imeiva. Dada akanitazama. "Hesabu," alisema. "Wewe ndiye mwenye macho."

Niliinama. Walikuwa sita.

"Watano," nilisema.

Mama wa Katonga alishukuru, akaacha migebuka miwili, akaondoka akiwa amenyooka kidogo. Dada alingoja majirani watawanyike. Kisha akasema, bila kuniangalia, akiinamisha beseni maji yatoke:

"Walikuwa sita. Na siku yangu walikuwa wanane."

Akaliweka beseni chini.

"Macho yalikuwa yanauma, lakini niliona. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kufunikwa tena. Wewe ulisema saba kwa kunihurumia, nami nikakubali kwa kujihurumia. Basi huyu mmoja akabaki." Akagusa taya lake.

Miaka kumi na miwili alikuwa amekaa na neno hilo nyuma ya meno yaliyofungwa, akinipikia nikija likizo, akiuza dagaa wake ili ninunue madaftari. Nilifungua leso. Nikajaza beseni maji, nikaweka makaa, nikanyunyiza mbegu, nikafunika kwa kanga yangu mwenyewe, sote wawili tumekaa mbali nalo. Nikafunua.

Dada aliinama juu ya yale maji muda mrefu. Alichukua mmoja kwa ncha ya kidole, akamsaga, akanusa. Nilisubiri aniulize. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu: nyama iliyosumbuliwa, siku tatu, kizibo ambacho hakikutakiwa kuguswa, mlango ulioachwa wazi, mkono mdogo uliofungua. Yote niliyapanga kwenye treni, yalikuwa ndiyo hitimisho la hotuba.

Alinyanyua uso, na kwa kiasi ambacho mdomo ule unaweza, alikuwa anatabasamu.

"Basi si wewe, Mwasiti," alisema. "Miaka yote nilidhani ni wewe. Basi si wewe."

Nikasema, "Ndiyo, Dada."

Kesho yake asubuhi alikuja mgonjwa mwingine, na Dada akawasha makaa, kwa sababu hakuwa na pa kumpeleka. Nilirudi chuoni. Bado nasimama kwenye midahalo, bado wanapiga meza. Nachukia ujinga kama nilivyouchukia, na zaidi ya ujinga nawachukia wanaojua na kufupisha maneno kwa sababu foleni ni ndefu. Lakini siku hizi, nikifungua mdomo wote mbele ya ukumbi, naikumbuka siku ile uani, na neno moja, la sindano na kizibo, nililotakiwa kulisema, nikalimeza. Foleni haikuwepo siku ile. Tulikuwa sisi wawili tu.